Kampuni Niliyosema Imelala

Kosa langu la kwanza katika biashara halikuwa la kukata kigae vibaya. Niliwaambia watu wa kodi wa Uingereza kwamba kampuni yangu imelala, ilhali ilikuwa kazini kila siku ya wiki, na Jumamosi pia. Sikusema hivyo kwa hila. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimesoma sana, na nilichokisoma hakikunihusu.

Mimi ni fundi wa vigae. Sikwenda chuo. Nilihamia Birmingham na mama kutoka Mombasa nikiwa bado shuleni, na nilipomaliza nikafanya kazi ghalani, nikipanga masanduku ya watu. Kubandika vigae nilijifunza kwenye simu. Nilitazama video, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, kisha nikaenda kujaribu katika bafu la mama huko mtaa wa Lozells. Nilibandika, nikabandua, nikabandika tena, mpaka mama akasimama mlangoni na taulo begani akaniuliza, "Mwanangu, niambie tu ukweli. Niende nikaoge kwa jirani?"

Ndivyo nilivyo. Nikigonga kigae kikatoa sauti ya utupu, ishara kwamba gundi haikushika chini yake, siwezi kukiacha, hata kama mwenye nyumba hakisikii na wala hatakisikia maisha yake yote. Nitakibandua. Watu husema huo ni umakini. Mimi najua ni woga. Naogopa siku moja mtu atagonga mahali fulani palipo patupu, ajue kwamba sikufundishwa na mtu.

Kazi zilipoanza kuja mfululizo nilifungua kampuni. Mjomba wangu, ambaye ana duka la vyakula Lozells, ndiye aliyenipa wazo. Alisema wenye nyumba wa mtaa wa Kings Heath huwa hawana wasiwasi wakiona jina la kampuni juu ya ankara. Basi nikaandikisha kampuni yenye mwenye hisa mmoja na mkurugenzi mmoja, na wote wawili walikuwa mimi. Ilinichukua muda wa kunywa chai. Kilichobaki kilikuwa kujua kodi yake inahesabiwaje, na kama kawaida yangu sikuuliza mtu. Nilifungua simu.

Mwalimu niliyempata alikuwa Mmarekani mwenye sauti ya upole, na alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Alisema kwamba kampuni ya dhima yenye kikomo, ikiwa na mwenye mmoja tu, watu wa kodi wa kwao huichukulia kana kwamba haipo. Kisheria ipo. Inaweza kumiliki gari, inaweza kushtakiwa. Lakini ikija kodi ya mapato, macho yao huipita kama kioo yakamtazama mwenyewe aliyesimama nyuma yake. Faida huandikwa katika fomu ya mtu binafsi, na kampuni yenyewe haina fomu yake, isipokuwa mwenyewe aombe ihesabiwe kama shirika. Yote hayo ni kweli. Ni kweli Marekani.

Nina tabia moja. Jambo gumu nikilisikia kwa Kiingereza, siamini kwamba nimelielewa mpaka nijieleze kwa sauti kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilisimama jikoni nikasema peke yangu, "Kampuni ya dhima yenye kikomo, ya mtu mmoja, mbele ya kodi ni mtu huyo huyo." Sentensi ilikaa sawa. Wamarekani huandika LLC mwisho wa jina la kampuni ya namna hiyo, na sisi hapa huandika Limited. Hivyo ni vitu viwili, vya nchi mbili, chini ya sheria mbili, na kwa Kiingereza hata mtoto angeona kwamba herufi hazifanani. Lakini katika Kiswahili changu vyote vilikuwa kitu kimoja: kampuni ya dhima yenye kikomo. Tofauti ilikuwepo mpaka nilipoitafsiri. Niliifuta mwenyewe, halafu nikaridhika na usafi wake.

Nadhani iliniingia haraka pia kwa sababu ilifanana na nyumbani. Marehemu baba alikuwa na duka la vitambaa Mombasa, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza kama pesa za mtoto wa meza ni za duka au za baba. Duka lilikuwa baba. Tukitumwa unga, tulichukua palepale. Nami nikaishi hivyo na kampuni yangu. Wateja walilipa katika akaunti ya kampuni, na kodi ya nyumba, nauli, zawadi za Idi na matibabu ya meno ya mama vyote vikatoka humo humo.

Mwaka wa hesabu ulipokwisha, niliandika faida yote katika fomu yangu binafsi, kama fundi anayejitegemea asiye na kampuni, nikalipa kodi kabla ya siku yake. Upande wa kampuni kulikuwa na mahali pa kutaarifu kwamba haikufanya biashara yoyote, kwamba imelala. Nikatangaza imelala. Kwa mantiki yangu, kitu kisichoonekana kinaweza kufanya nini zaidi ya kulala? Nakumbuka niliona fahari. Niliwahi hata kumweleza fundi mwenzangu, ambaye naomba Mungu awe hakunisikiliza.

Wakati huo nilikuwa nimeshaoa. Tulifunga ndoa Mombasa, nikakaa naye siku chache nikarudi, tukaanza kuishi kwa simu. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Shangazi zake waliniita mume wa betri, kwa kuwa chaji ikiisha hana mume. Ili apewe viza ya kuja kuishi nami, ilinipasa nionyeshe kwamba kipato changu kinatosha. Hilo halikunitia hofu hata kidogo. Kazi nilikuwa nayo, kodi nilikuwa nimelipa. Yeye akamwarifu mwalimu mkuu kwamba muhula ukiisha anaondoka, na mama yake akaanza kuuliza kama Birmingham kunapatikana iliki.

Nilikuwa katika bafu la nyumba moja Kings Heath nilipoanza kuogopa. Nilikuwa nimechanganya gundi ya vigae, na wakati wa kuisubiri ikae kidogo nikaketi ukingoni mwa beseni la kuogea nikafungua maelekezo ya maombi ya viza, nipate kujua nikusanye nini. Nikafika sehemu inayohusu mwombaji ambaye mwenzake ni mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe. Sikutegemea kuwe na sehemu hiyo. Ilitaka hesabu za kampuni, na kodi ya kampuni, na hati za mshahara ambao kampuni imenilipa, na hati za mgao wa faida. Nikasoma tena. Mkurugenzi hahesabiwi faida ya kampuni. Anahesabiwa kile ambacho kampuni imemlipa.

Kampuni yangu haikuwa imenilipa chochote. Kwa maneno yangu mwenyewe, ilikuwa imelala.

Niliendelea kukaa pale. Nilisikia mwenye nyumba akifungua redio chini. Nilipotaka kusimama gundi ilikuwa imeganda ndoo nzima, na mwiko ndani yake umesimama wima. Nilimdanganya mwenye nyumba kwamba gundi ilikuwa mbovu. Nikaenda kununua nyingine, na dukani nikasahau nilikuja kununua nini.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Niliwaza kifungo. Niliwaza kwamba mtu fulani ofisini ana fomu zangu mbili, moja inasema nimefanya kazi na nyingine inasema kampuni haikufanya kazi, na ankara zote zina jina la kampuni. Mlango wa nyumba yangu Ladywood ukigongwa, nilizima taa kwanza, hata mchana. Lakini zaidi ya kifungo niliogopa sauti ya mke wangu. Kila jioni alinieleza alichokiaga siku hiyo: darasa, jirani, kabati alilomgawia mdogo wake. Nami nikajibu, "Inshallah, inshallah."

Wa kwanza kumwambia alikuwa mjomba. Nilimkuta dukani anapanga ndizi za kupika, nikamwelezea kwa sauti ya chini. Hakushtuka hata kidogo.

"Mimi na duka hili ni kitu kimoja," alisema. "Duka likipata homa, mimi nakohoa. Hakuna aliyewahi kunisumbua."

"Wewe hukufungua kampuni, mjomba. Wewe ni mfanyabiashara tu."

"Tu?" Akanitazama kwa dharau ya mchezo. "Haya, mkurugenzi. Kaa na ukurugenzi wako." Kisha akamaliza na mteja, akarudi karibu yangu. "Sikiliza. Nakuandika hapa dukani kama mfanyakazi. Nakutolea hati za mshahara miezi kadhaa. Jumamosi unakuja kukaa kwenye mashine ya malipo, watu wakuone. Mke anakuja, habari imekwisha."

"Na huo mshahara?"

"Unanirudishia mkononi. Au hukuelewa?"

Nilielewa. Aibu ninayoandika hapa ni kwamba nilifarijika. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa nimeshapata na namna ya kuinamisha kichwa kwenye ile mashine. Hofu inaweza kumfanya mtu aione njia chafu kuwa ndiyo nadhifu. Kilichonizuia siku hiyo hakikuwa ucha Mungu. Nilihofia kwamba nitaikosea hiyo nayo.

Kwa hiyo nikaenda kwa mhasibu. Yeye ni mwanamke wa Zanzibar, mwenye ofisi juu ya duka la miwani, na ndiye anayemfanyia mjomba hesabu zake. Nilimwita dada tangu mwanzo, naye akaniita mdogo wangu mpaka alipofungua karatasi zangu. Alizisoma moja moja. Mimi niligundua kwamba kigae kimoja cha ukuta wake kilikuwa kimepinda, nikashukuru kupata pa kutazama.

"Haya uliyajulia wapi?" aliuliza.

"Kwenye video."

"Ya wapi?"

"Marekani."

"Na haya mabafu, uliyabandika Marekani?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akavua miwani. "Kaka yangu, hapa kampuni ni mtu. Mtu mwengine. Yeye ana kodi yake, wewe una yako. Yeye ndiye aliyefanya kazi na watu hawa, jina lake hili hapa juu ya kila ankara. Hakulala hata usiku mmoja, maskini."

Nilisikia alivyosema "yeye". Kiswahili changu kilikuwa kimezoea kusema kampuni ile, kampuni hii, kama kiti. Alipoiita "yeye", niliona kwa mara ya kwanza mtu amesimama chumbani ambaye nimekuwa nikitia mkono mfukoni mwake mwaka mzima.

"Nimeiba?" niliuliza.

"Hujaiba, umekopa. Ulichochukua bila kuwa mshahara wala gawio ni mkopo wa mkurugenzi kutoka kwa kampuni."

"Gawio?"

"Nyinyi mwasema mgao. Faida ikishatolewa kodi, mwenye hisa anagawiwa."

"Basi tuandike sasa hivi. Tuandike mgao wa mwaka jana."

"Tukiamua gawio leo, ni la leo. Siwezi kulivalisha nguo za mwaka jana."

"Lakini nilifanya kazi, dada. Kila siku."

"Wewe ulifanya. Yeye hakukulipa."

Hapo nikatoa lile la mjomba. Sijui kwa nini nilimwambia. Pengine nilitaka mtu mzima aseme inawezekana. Aliacha kalamu mezani.

"Mwambie mjomba wako hesabu za duka lile natengeneza mimi. Nisije nikalikuta jina lako mle. Wakikukamata na hati ya uongo, mkeo atasubiri miaka na miaka. Kukosea kuna dawa. Umekosea, tutaandika kwamba umekosea, kabla hawajakuuliza."

Kisha akanieleza dawa yenyewe. Tutairekebisha fomu yangu binafsi. Tutawaarifu kwamba kampuni ilikuwa ikifanya biashara tangu siku ya kwanza, tutatengeneza hesabu zake, italipa kodi yake na faini ya kuchelewa. Nilicholipa kwa jina langu bila kudaiwa nitaomba kirudishwe, na mkopo nitaurudisha kidogo kidogo. Baada ya hapo kampuni itanilipa mshahara kama mtu yeyote, na mwaka mzima wa hesabu ukikamilika hivyo, nitakuwa na kitu cha kuonyesha. Kuhusu viza alinituma kwa wakili, na wakili akanithibitishia. Kulikuwa na njia fupi zaidi, ya kuajiriwa kwingine kwa kweli. Nilijaribu. Kampuni mbili za ujenzi ziliniomba cheti, nami sina.

Mwaka mzima. Nilikaa na neno hilo ndani ya gari langu la kazi, nimeegesha mbali na barabara kuu ya Kings Heath, kwa sababu sikutaka kumpigia mke wangu nikiwa nyumbani. Nilihisi nikimwambia nyumbani, nyumba ile haitampokea tena. Nilikuwa nimepanga maneno. Alipokea simu, na maneno yote yakaondoka.

"Una nini wewe leo?" alisema. "Mbona wapumua hivyo?"

Nikamwambia. Nilianzia Marekani, nikapotea, nikaanza tena. Hakunikatiza. Nilipomaliza, nyuma yake nilisikia watoto wa jirani wakigombania baiskeli.

"Ngoja nielewe," alisema mwishowe. "Una kampuni."

"Ndiyo."

"Na pesa ni zake."

"Ndiyo."

"Na wewe mpaka akupe."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo nimeletewa mke mwenza na sikuambiwa."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, na yeye hakucheka kabisa.

"Mimi nishaaga," alisema. "Nishamwambia mwalimu mkuu. Wataka nirudi kwake nikaseme nini? Mume wangu alitazama video?"

"Nisamehe."

"Sitaki nisamehe sasa. Nataka kujua. Uliwadanganya hao watu wa kodi?"

"Nilikosea. Wallahi nilikosea."

"Na mimi? Umejua tangu lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote, kuliko kugongewa mlango. Nilimwambia ukweli: tangu siku ya bafu, na kwamba kila jioni aliponisimulia anachokiaga nilikuwa najua. Alikata simu.

Hakupokea siku ile, wala iliyofuata. Nilibandika vigae na kubandua. Nilifikiri, basi, hivi ndivyo mtu anavyoachwa, si kwa ugomvi, ila kwa simu inayolia mpaka inyamaze yenyewe. Mjomba alinipitia akauliza kama nimefikiria habari ya Jumamosi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Ogopa basi mpaka uzeeke," akaenda zake. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa anajaribu kunisaidia kwa njia anayoijua.

Mke wangu alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya kazini, ile anayoitumia na wazazi wa watoto. Alisema mwalimu mkuu amemrudisha, lakini kwa darasa la wadogo zaidi ambalo hakuna anayelitaka. Alisema mama yake hajaambiwa bado. Halafu akasema, "Mwaka nitasubiri. Lakini jambo lolote ukiliogopa, niambie siku hiyo hiyo. Usiogope peke yako halafu uniachie mimi kuaga watu."

Niliahidi. Ilikuwa ahadi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu naogopa mambo mengi, na mwaka ule nilimpigia kwa kila kitu. Siku tuliyotuma marekebisho kwa watu wa kodi, nilimpigia. Siku faini ilipokuja, ndogo kuliko nilivyoiota, nilimpigia. Mara ya kwanza kampuni iliponilipa mshahara, nikiwa nimekaa kitandani, kidole tayari kuiamuru akaunti yake ipeleke pesa katika akaunti yangu, nilimpigia nikamwambia naogopa kubonyeza. "Bonyeza," alisema. "Watoto wangu wanalia." Tulituma maombi ya viza, na kila siku ya kungoja jibu niliamini kwamba mtu amegonga mahali penye utupu. Jibu lilipokuja nilimwomba yeye alisome kwanza. Lilikuwa ndiyo.

Sasa mke wangu anaishi hapa Ladywood, na anasaidia katika shule ya watoto wadogo. Kampuni inanilipa mshahara kila mwisho wa mwezi, na gawio mhasibu akisema lipo. Mkopo nimeumaliza. Bado naogopa, lakini namwambia mke wangu siku hiyo hiyo, na nisichokijua nakiuliza kwa mtu anayefanya kazi katika nchi hii.